Kuzuia mafuta yasiingie kwenye mikoko ya Lamu

Kisima cha mafuta kikifumuka baharini, kukifunga ni kazi ya wenye mtambo. Kile cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, kilivuja siku 87 mwaka 2010 kabla hakijazibwa. Watu wa pwani wana kazi yao: kuyazuia mafuta yasifike mikokoni. Yakishashika mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza topeni, hayasafishiki bila kuumiza mti.

Piga hesabu ya muda kwanza. Upepo husukuma mafuta kwa karibu 3% ya kasi yake; mkondo huyabeba kwa kasi yake yote. Wakati wa kusi, upepo wa mita 8 kwa sekunde pamoja na mkondo wa mita 1 kwa sekunde uendao kaskazini huyapeleka zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Kisima kikiwa mkabala na Malindi, Lamu inaweza kuguswa siku ya pili. Arifuni KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) na BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) mara moja, na msijaribu kulinda kila mlango. Chagueni mikono ya bahari michache yenye mikoko mingi na mdomo mwembamba.

Huko mtatega uzio wa kuelea. Una maboya juu, sketi (pazia) chini ya maji na mnyororo wa kuulemea. Kosa kubwa ni kuukingamisha moja kwa moja. Mkondo ukipita mita 0.35 kwa sekunde, mafuta hupita chini ya sketi hata uzio uwe mzuri vipi. Pima hivi: tupa nazi majini, hesabu sekunde inazochukua kwenda mita 10. Zikiwa 29 au zaidi, kingamisha. Zikiwa 20, laza uzio kwa pembe ya nyuzi 45 na mkondo. Zikiwa 10, nyuzi 20 tu. Pembe ikipungua, urefu unaongezeka: mlango wa mita 60 unahitaji mita 85 kwa nyuzi 45, na 175 kwa nyuzi 20. Ongeza ziada, kwa kuwa mkondo huufanya uzio utunge tumbo. Pima maji ya bamvua yakiwa katikati ya kujaa, ndipo yanapokimbia; ukipima maji mafu utajidanganya.

Nanga ifungwe kwa kamba isiyopungua mara tano ya kina cha maji kujaa, na kati ya nanga na uzio weka boya, la sivyo kamba itaukokota uzio chini. Weka nanga pande zote mbili, kwa sababu maji yakitoka uzio hugeuka. Kwenye kingo ndiko unakovuja: bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ncha inabaki ikining'inia hewani. Ziba kwa magunia ya mchanga. Usifunge ncha kwenye mkoko. Mizizi huchana sketi.

Ncha ya chini ya mkondo iishie penye mchanga na panapofikika kwa mashua, ndipo mafuta yatakapojikusanya na pampu itafanya kazi. Andaa vyombo vingi kuliko unavyodhani: mafuta yaliyopigwa na mawimbi hunywa maji hadi kiasi chake kikawa mara tatu au nne. Pipa la lita 200 hujaa upesi sana.

Makumbi ya nazi hufaa kunasa utando mwembamba nyuma ya uzio, ila yashonewe ndani ya nyavu kuukuu na kufungwa kamba. Yakimwagwa ovyo yanakuwa taka ya mafuta isiyokusanyika. Sabuni na dawa za kutawanya mafuta zisitiwe kwenye maji haya mafupi.

Mafuta mabichi hutoa mvuke wa sumu unaoshika moto. Kaa upande upepo unakotoka, zima sigara na jiko la mashua, na mtu akiumwa kichwa au kusikia kizunguzungu aondolewe hapo hapo.

Kila maji yakigeuka, mtu mmoja azunguke uzio kwa mtumbwi: aangalie nanga zilizoburutika, pindo la sketi lililojikunja, magogo yaliyokwama. Zamu hiyo ni mara nne kwa siku, usiku ikiwemo.