Kozi ya chuo kikuu kwenye Moodle: anzia kwenye karatasi ya deliberasio

Walimu wengi wakifungua kozi kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, hupakia silabasi kwanza, halafu TP (kazi za vitendo), halafu intero (jaribio fupi), na hesabu ya alama wanaiachia wiki ya mwisho. Tabu zote hutoka hapo. Anzia mwisho: chukua karatasi ambayo jopo la deliberasio, yaani walimu wanaoamua nani amefaulu, litadai semesta ikiisha, tazama safu zake, kisha ujenge kozi kwa kuifuata. Kama karatasi inataka kazi za semesta juu ya 10 (yaani alama kamili ni 10), mtihani juu ya 10 na jumla juu ya 20, basi kitabu cha alama cha Moodle kiwe na sura hiyohiyo kabla mwanafunzi hata mmoja hajaingia.

La pili ni majina. Mwanafunzi wa Lubumbashi, huku Kongo, ana jina, postinomu (jina linalofuata lile la kwanza) na jina la ubatizo. Fomu ya kawaida ya Moodle inaonyesha nafasi mbili tu. Mmoja ataandika postinomu kwenye nafasi ya kwanza, mwingine ataiacha kabisa, na mwezi wa mwisho utajikuta na watu wawili wa jina moja kwenye promosio (darasa la mwaka mmoja) ya watu mia mbili. Mwombe msimamizi wa mfumo aingize matrikule (namba ya usajili) ya kila mtu kwenye nafasi ya namba ya utambulisho, na kila orodha ya alama uilinganishe kwa matrikule. Barua pepe hubadilika mtu akipoteza simu, lakini matrikule haibadiliki. Tahadhari moja: Excel hufuta sufuri za mwanzo, kwa hiyo 00412 inakuwa 412 na Moodle haimtambui mwenyewe. Iweke safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote ndani yake.

Sasa kitabu cha alama, ambacho ndicho kinastahili saa nzima ya utulivu. Tengeneza kategoria moja ya kazi za semesta, uipe wastani wenye uzito (wewe ndiye unaamua kila kazi ibebe kiasi gani), na kiwango cha juu kiwe 10. Ndani yake weka TP zote na intero. Mtihani ubaki nje ya kategoria, nao uwe juu ya 10. Kozi nzima iachie njia ya kujumlisha ambayo Moodle inakuja nayo, na jumla itatoka juu ya 20 yenyewe. Usitumie njia hiyo ya kujumlisha ndani ya kategoria: pale uzito hufuata kiwango cha juu cha kila kazi, hivyo TP mbili za juu ya 20 na intero ya juu ya 40 zitaifanya intero ibebe nusu ya alama bila wewe kuamua.

Kisha tafuta kisanduku kinachosema alama tupu zisihesabiwe. Huwa kimewekewa alama ya tiki tangu mwanzo, na hicho ndicho kinachoharibu deliberasio nyingi. Mwanafunzi aliyepata 8 juu ya 10 kwenye TP ya kwanza na asilete mbili zilizofuata ataonekana ana wastani wa 8, kwa sababu Moodle inahesabu ile moja peke yake. Ukiondoa tiki, kama TP zina uzito sawa, anapata 2,67. Katikati ya semesta unaweza kuiacha ili wanafunzi wasione sufuri za kazi ambazo hazijafika. Kabla ya kutoa orodha ya mwisho, iondoe kwenye kategoria na kwenye kozi nzima. Ijaribu kwanza kwa akaunti ya mwanafunzi wa kubuni: mpe alama moja, ziache mbili, uone jumla inasema nini.

Saa nazo zinahitaji jicho. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kama seva au wasifu wako umewekwa kwenye saa za Kinshasa, intero uliyoipanga 8:00 itafunguka huku 9:00, oditwari (ukumbi wa masomo) nzima ikikusubiri. Weka saa za Lubumbashi kwenye wasifu wako, uhakikishe na za wanafunzi. Na kwenye tangazo andika tarakimu kama kompyuta inavyozionyesha. Ukiandika "saa mbili" kuna atakayesoma 2:00.

Intero ya mtandaoni ipange ukijua kwamba umeme utakatika kwa mtu fulani. Muda wa kujibu ukiwa dakika 40, acha mlango wazi kwa muda wa saa mbili, lakini waambie wazi: anayeanza dakika 15 kabla ya kufungwa anapata 15 tu. Gawa maswali matano kwa ukurasa, kwani kila anapovuka ukurasa majibu yanahifadhiwa. Muda ukiisha, chagua majaribio yajitume yenyewe. Ukichagua lile sharti la mwanafunzi kutuma mwenyewe, aliyekatikiwa na mtandao dakika ya 39 anapoteza yote. Aliyepata dharura ya kweli umfungulie ruhusa ya peke yake, bila kugusa saa za wengine.

Kwa TP zilizoandikwa kwa mkono, kubali PDF tu na uweke kikomo cha mega 5. Picha moja ya simu inaweza kupita mega 3, na mwanafunzi ndiye anayelipia mega hizo. Programu ya kuskani hati kwenye simu hupunguza uzito huo sana.

Kusahihisha si lazima uwe na mtandao. Kwenye mipangilio ya kazi washa karatasi ya kusahihishia nje ya mtandao, pakua kazi zote kwa mara moja pamoja na karatasi hiyo, usahihishe nyumbani, kisha uipakie tena. Usiguse safu ya kitambulisho wala majina ya mafolda. Ukibadilisha alama moja mtandaoni baada ya kupakua, Moodle itaikataa ile ya kwenye karatasi mpaka uiruhusu wazi.

Excel ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta-mkato na huandika desimali kwa mkato. Ukipakia faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu), chagua nukta-mkato kuwa kitenganishi, la sivyo 12,5 itapasuliwa kuwa safu mbili. Na usimbaji, yaani namna faili linavyohifadhi herufi, uwe UTF-8 ili herufi zenye alama zisiharibike. Pitia alama zilizoandikwa kwa nukta pia, maana 12.5 inaweza kugeuzwa tarehe 12 Mei.

Ukishalinganisha matrikule tano au sita na kazi zenyewe, funga alama za kategoria, toa nakala moja ya Excel na moja ya PDF, na ile ya PDF ndiyo upeleke kwa jopo.