Nadharia ya fedha za makampuni: weka desa pembeni, shika kaunta buku

Muhula wangu wa kwanza wa MBA nilikariri. Nilikuwa afisa mikopo benki. Natoka kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam, saa kumi na moja, saa kumi na mbili niko darasani, narudi Kimara usiku na desa (notisi za kukariri) la slaidi 80 mkononi. Kanuni zote zilikuwa kichwani. Testi ya kwanza ikauliza: kampuni ikikopa kwa riba ndogo kuliko faida wanayoidai wanahisa, kwa nini thamani yake isipande? Nilijaza kurasa mbili za kanuni nikapata 9 kati ya 30. Ninayokuandikia hapa ni yale niliyoanza kuyafanya baada ya siku hiyo.

Tafuta makala yenyewe ambayo swali hilo linatokana nayo. Franco Modigliani na Merton Miller waliichapisha mwaka 1958 katika American Economic Review, kurasa 37. Soma mpaka uione hoja yao ya kwanza: thamani ya kampuni hutokana na faida ya shughuli zake, na namna faida hiyo inavyogawanywa kati ya wakopeshaji na wanahisa haiongezi kitu. Ukishaiona, funga makala uithibitishe mwenyewe kwa peni. Namba zangu zilikuwa hizi.

Kampuni mbili, kila moja hupata shilingi milioni 100 kwa mwaka kabla ya riba, miaka yote. A haina deni, na soko linaithamini milioni 500. B ina deni la milioni 200 kwa riba ya asilimia 10, na tuseme soko limeipandisha hadi milioni 560, kwa hiyo hisa zake ni milioni 360. Wewe una asilimia 10 ya hisa za B. Zina thamani ya milioni 36 na zinakupa milioni 8 kwa mwaka, kwa sababu 100 ukitoa riba 20 inabaki 80. Ziuze. Kopa mwenyewe milioni 20 kwa riba ileile. Sasa una milioni 56. Nunua asilimia 10 ya A kwa milioni 50. Gawio lako ni milioni 10, toa riba milioni 2, unabaki na milioni 8 zilezile, na milioni 6 ziko mfukoni. Kila mwenye hisa za B akifanya hivyo, bei ya B itashuka na ya A itapanda mpaka zikutane.

Rudia mara tatu kwa namba tofauti. Mimi zoezi hilo lilinilia Jumamosi nzima. Siku hiyo ndipo nilipoliona jibu la testi: B ikithaminiwa milioni 500, hisa zake ni milioni 300, na faida ya 80 juu ya 300 ni karibu asilimia 26.7. Wanahisa wa A wanaridhika na asilimia 20, yaani 100 juu ya 500. Mkopo ni nafuu, lakini hatari yote imebaki kwa wanahisa, nao wanaidai malipo yake.

Kisha orodhesha masharti ambayo hoja hiyo inayategemea, kila moja ukurasa wake: hakuna kodi, mtu binafsi anakopa kwa riba ya kampuni, kufilisika hakuna gharama, wote wana habari sawa, meneja anawatumikia wanahisa. Vunja moja tu kwa wakati mmoja. Ukivunja mawili pamoja hutajua lipi limebadilisha jibu.

Sharti la kodi, Modigliani na Miller wenyewe walilirekebisha mwaka 1963. Tanzania kodi ya kampuni ni asilimia 30, na riba huondolewa kabla ya kuikokotoa (mipaka yake ipo, isome kwenye sheria). A itabaki na milioni 70, ukizigawa kwa asilimia 20 unapata thamani ya milioni 350. B ni 350 pamoja na asilimia 30 ya deni, yaani 410. Hizo 60 zimetoka serikalini.

La meneja ni la Jensen na Meckling, 1976. Mimi nilielewa kwa bodaboda: dereva ni meneja, tajiri ni mwanahisa. Dereva anayeleta hesabu ya siku kwa pikipiki ya tajiri ataipitisha kwenye kila shimo. Dereva wa mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza malipo, anabadilisha oili kabla hujamwambia. Ukishapata mfano wa mtaani kwako, rudi kwenye makala yao, nayo itafunguka.

La habari ni la Myers na Majluf, 1984. Wanunuzi wanajua kwamba meneja anajua zaidi yao, hivyo kampuni ikitangaza hisa mpya wanaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia na bei inashuka. Ndiyo maana kampuni hupenda kutumia kwanza fedha zake za ndani, kisha mkopo, hisa mwisho.

Kwenye mtihani, mstari wa kwanza wa jibu andika ni sharti gani swali limelivunja. Namba zifuate baada ya hapo. Nilianza kujibu hivyo muhula wa pili, na sikuandika sapu (mtihani wa marudio) hata moja.