Kupima presha ya kipanya kwa kipandikizi cha redio, ukiwa Nairobi

Kitabu cha maelekezo kinachokuja na vipandikizi hivi kinaeleza upasuaji vizuri, kwa picha na mishale. Tatizo ni kwamba kimeandikiwa mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari na mwenye stima isiyokatika. Majuzi nimekuwa nikimsaidia mwanafunzi wa uzamili huko Kabete kupata rekodi zinazoeleweka, na maswali yake ndiyo yaliyozaa mwongozo huu.

Ninazungumzia kipandikizi cha presha cha kipanya, yaani yule mdogo wa gramu ishirini na kitu, si panya mkubwa wa maabara. Ni kidude chenye betri, kihisi na kirusha mawimbi, pamoja na katheta, mrija mwembamba unaoingia kwenye ateri (mshipa unaotoa damu moyoni). Ishara inapokewa na risiva, bamba linalowekwa chini ya kizimba. Faida yake ni moja na inatosha: humshiki mnyama ili umpime. Kipanya aliyebanwa ndani ya neli ili apimwe mkiani anakupa presha ya hofu.

Hatua ya 1: Karatasi

Idhini ya kamati ya maadili ya wanyama ya taasisi yako, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), na usisahau kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inadai leseni kwa majaribio juu ya wanyama hai. Anza mapema.

Hatua ya 2: Mnyama

Kipandikizi kisizidi asilimia 10 ya uzito wake. Wengi huanzia gramu 20. Mimi humngoja afike 25, kwa sababu aliye mwepesi hupona polepole na ateri yake ni nyembamba mno kwa mikono ya anayejifunza.

Hatua ya 3: Washa, sikiliza

Kipandikizi huwashwa na kuzimwa kwa sumaku. Usiamini kwamba kimewaka kwa sababu umepitisha sumaku. Nenda Luthuli Avenue ununue redio ndogo ya AM, ile ya bei ya chini kabisa, uiweke mwanzo wa masafa, karibu na kilohezi 530. Vipandikizi vya aina hii vya kampuni ya DSI hurusha kwenye kilohezi 455, na redio nyingi za AM hutumia masafa hayo hayo ndani yake, kwa hiyo utasikia mlio. Redio iliyo ndani ya simu haifai. Hiyo ni ya FM. Nimewaona watu wakitafuta vifaa vya bei mbaya kwa kazi hii. Redio inatosha.

Redio hiyo hiyo itakuonyesha adui. Izungushe chumbani kabla wanyama hawajaingia. Ikikoroma karibu na chaja ya bei rahisi, taa ya LED au UPS (betri ya akiba ya stima), hapo ndipo rekodi zako zitakapoharibikia. Hamisha kifaa hicho au risiva. Vizimba viwe vya plastiki, si chuma, na risiva zitenganishwe, maana vipandikizi viwili vya masafa yaleyale vikikaribiana huingiliana.

Hatua ya 4: Shinikizo la hewa

Hapa tukae.

Kihisi cha kipandikizi hakipimi presha ya damu peke yake. Kinapima damu pamoja na hewa yote inayomkandamiza mnyama. Ili upate presha ya damu, lazima programu itoe shinikizo la hewa. Pwani, hewa ni karibu milimita 760 za zebaki. Nairobi, karibu 620. Kipanya mwenye presha ya wastani ya 100 atasomeka 720 kwenye kihisi. Toa 620, unabaki na 100. Toa 760, unapata hasi 40.

Ndicho kilichompata mwanafunzi wangu. Alinipigia simu kwamba skrini inaonyesha presha chini ya sifuri, na kipanya mwenyewe yuko hapo anatafuna chakula. Wakati huo hakuwa na baromita (kifaa cha kupima shinikizo la hewa), akachukua namba kwenye programu ya hali ya hewa ya simu: hektopaskali 1016, sawa na milimita 762. Programu haikudanganya. Watu wa hali ya hewa husahihisha vipimo vyote kana kwamba kila mji uko kwenye usawa wa bahari, ili Mombasa na Nairobi ziweze kuchorwa kwenye ramani moja. Marubani nao hupewa namba ya namna hiyo. Basi shika hili: ukiwa Nairobi na umeona namba inayozidi 1000, hiyo si hewa unayovuta. Hewa yako iko kwenye mia nane na ishirini na kitu, au thelathini na kitu, kutegemea mtaa.

Na mtaa ni muhimu. Kila mita 10 unazopanda, unapoteza karibu hektopaskali moja. Mita 100 ni milimita 7 za zebaki, na kuna dawa za presha ambazo hazimshushi kipanya kiasi hicho. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624. Karen na Kabete ziko juu zaidi. Kwa hiyo usiazime kipimo cha jirani, hata kama jirani ni taasisi kubwa yenye baromita ya kupendeza. Baromita iwe chumbani mwako.

Kisha, usiandike namba moja ukaiacha hapo. Hili ndilo linalowaponyoka hata wanaojua hayo ya juu. Karibu na ikweta, shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Tofauti ni hektopaskali 3 au 4, yaani milimita 2 hadi 3 za zebaki. Kipanya ni mnyama wa usiku, na presha yake hufuata saa. Ukitoa namba isiyobadilika, mawimbi ya hewa yataingia kwenye mchoro wako wa usiku na mchana, nawe utayaandika kwenye tasnifu kama fiziolojia, yaani kazi ya mwili wa kipanya. Ulaya mawimbi haya ni madogo na dhoruba huyafunika, ndiyo maana kitabu hakiyapigii kelele.

Stima ikikatika, kuna programu zinazoendelea kutumia namba ya mwisho ya baromita bila kukwambia. Baromita na kompyuta ziwe kwenye UPS moja, mbali na risiva, na rekodi ya baromita ihifadhiwe pembeni kwa saa ileile ya kompyuta.

Kama umeshaharibu, usifute. Ukijua namba iliyotolewa, irudishe, kisha utoe iliyo sahihi. Ndivyo tulivyookoa data ya mwanafunzi: tukarudisha 762. Siku ambazo hazikuwa na rekodi ya baromita alibaki na wastani tu, na mchoro wa saa kwa saa wa siku hizo haukuingia kwenye tasnifu.

Mwisho wa hatua hii: siku ya kupandikiza, tumbukiza ncha ya katheta kwenye salaini (maji ya chumvi) ya nyuzi 37, usubiri itulie. Baada ya kutoa shinikizo la hewa, isome sifuri. Isiposoma sifuri, andika tofauti hiyo pamoja na namba ya kipandikizi. Utaihitaji.

Hatua ya 5: Upasuaji

Jifunze kwa daktari wa mifugo, si kwa maandishi. Isoflureni (dawa ya usingizi ya kuvutwa) asilimia 4 hadi 5 kumlaza, 1.5 hadi 2 kumshikilia. Dawa ya maumivu kabla ya kisu. Joto la nyuzi 37 chini yake tangu mwanzo hadi aamke. Katheta huingia ateri ya shingo ya kushoto mpaka upinde wa aota (ateri kuu itokayo moyoni), na kipandikizi hukaa chini ya ngozi ya ubavu. Kipandikizi hakiingii kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) kamwe; tumia glutaraldehaidi, dawa ya kuua vijidudu, usuuze kwa salaini tasa. Ngozi ishone. Gundi siipendi, kipanya huitafuna.

Hatua ya 6: Kupona na kurekodi

Mpe siku 7 hadi 10, mpaka uone tena tofauti ya usiku na mchana. Rekodi sampuli 1000 kwa sekunde; moyo wa kipanya hupiga karibu mara 600 kwa dakika. Mwezi wa Julai angalia kipimajoto cha chumba: kipanya hustarehe karibu na nyuzi 30, na chumba kikipoa moyo wake huenda mbio ili ajipashe joto. Mpe karatasi za kujengea kiota, na ukiweza, mwenzake asiye na kipandikizi.

Hatua ya 7: Kukitoa

Rudia kipimo cha salaini mara tu unapokitoa, kabla ya kukisafisha. Kama sifuri imehama, igawe sawasawa kwenye siku zote za jaribio na ulitaje hilo kwenye sura ya mbinu. Kizime kwa sumaku, usikilize redioni kwamba mlio umekoma, kisha ukiloweke kwenye kisafishi cha vimeng'enya kabla damu haijakauka kwenye katheta.