Kabla injini haijapakiwa Dar kuja Mtwara

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi wenye IST, Probox na Vitz: ukiambiwa "injini ni 1NZ, inaingia tu", usitume hela bado. 1NZ-FE, ndiyo hiyo injini ya Toyota, zote ni cc 1,497, lakini hazikuvaa vifaa sawa. Za mwanzo throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) inavutwa na kebo. Za baadaye inafunguliwa na mota ya umeme, kebo haipo kabisa. Fungua boneti yako, mwambie mtu akanyage mafuta, utazame kama kuna kebo inayovuta. Kisha omba picha ya throto ya injini unayouziwa, na soketi zake.

Zikitofautiana si mwisho wa safari. Mara nyingi fundi huhamisha throto na manifodi (bomba la kugawa hewa) yako ya zamani, ukabaki na waya na kontroli boksi (kompyuta ya injini) yako. Kwa hiyo injini mbovu usiiuze chuma chakavu mapema, tafadhali! Kuirudisha injini Dar ni gharama inayouma.

Risiti tunza. Namba ya injini ikibadilika, TRA wairekebishe kwenye kadi ya gari.