Jinsi ya kupichi startapu yako bila kutetemeka

Woga wa kupichi, yaani kuielezea startapu (biashara yako changa) mbele ya wawekezaji ili wakusapoti, unaweza kutokana na kutozijua namba za biashara yako vizuri, sio aibu tu. Kwa hiyo anzia hapo, kaa chini uandike una wateja wangapi, kumpata mteja mmoja kunakugharimu kiasi gani, kila mwezi unatumia hela ngapi na iliyobaki itakufikisha mpaka lini. Mwekezaji lazima aulize hayo, na ukiwa nayo kichwani hata sauti inatulia yenyewe.

Usikariri pichi nzima neno kwa neno jamani, ukisahau moja tu umepotea. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati ongea kama unamwelezea rafiki: shida ni ipi, inamuumiza nani, wewe unaitatuaje. Fanya mazoezi kwa sauti, umesimama, jirekodi na simu alafu usikilize, mwanzoni inakera ila utasikia pale unapokimbia na pale unapomeza maneno.

Maswali ndo yanaangusha wengi. Tafuta mtu asiyeijua biashara yako akubane haswa, na ukiulizwa usichojua sema "hilo sina jibu sasa hivi, nitakutumia kesho", kisha utume kweli. Inajenga imani kuliko kubabaisha.

Kwenye kuomba sapoti, taja kitu kamili. "Naomba unisaidie" inamwacha mtu hewani, ila "naomba uniunganishe na mtu mmoja anayenunua bidhaa kama hii" inajibika. Wakikataa, uliza nini kingewafanya wakubali, kiandike, ukishakifanyia kazi warudie.