Somo: Jinsi ya kuangalia Le Million ya René Clair kwa masikio

Wadau, hii ni komedi ya Ufaransa ya 1931, enzi saundi ndo kwanza imeingia kwenye sinema na muvi nyingi zilikuwa watu wamesimama wanaongea tu basi. Mwongozaji wake René Clair alitoka kwenye sinema bubu na hiyo saundi alikuwa haiamini kabisa, ndo maana akaitumia kwa akili kuliko wenzake wengi.

Hatua ya 1. Shika habari ya koti. Michel ni mchoraji wa Paris, madeni kibao, mara anashinda bahati nasibu, ila tiketi iko kwenye koti na koti mchumba wake Béatrice kashampa mwizi aliyekuwa anakimbia polisi, mwizi naye ana duka la mitumba, koti likauzwa kwa mwimbaji wa opera. Ukilipoteza koti umepotea.

Hatua ya 2. Wakianza kulinyang'anyania kule opera, fumba macho kidogo. Unasikia filimbi ya refa na kelele za mashabiki, yaani mechi ya raga, wakati kwenye picha hakuna uwanja wala mpira! Hapo ndo Clair mwenyewe: saundi hairudii kile ambacho jicho limeshaona, inaongeza jambo lake.

Hatua ya 3. Hii rudia hata mara tatu. Michel na Béatrice wamenuniana, wamekwama nyuma ya mapambo ya jukwaa, pazia limefunguka hawawezi kutoka. Mbele yao waimbaji wawili wasiopendana hata kidogo wanaimba mapenzi, na maneno ya wimbo ndo yanawapatanisha hawa wa nyuma, wao hawasemi kitu. Mi hapa huwa natulia kabisa.

Hatua ya 4. Cheki mandhari ya nyuma, imefifia kama ndoto. Lazare Meerson aliyejenga seti aliweka kitambaa chepesi cha wavu kati ya waigizaji na mandhari.

MASWALI

Mdau: Sijui Kifaransa, ntaelewa?
Jibu: Tafuta yenye tafsiri chini, ila mbio za koti utazielewa hata bila hiyo, Clair alijifunzia kwenye sinema bubu.

Mdau: Kwa hiyo ni muvi ya nyimbo?
Jibu: Nusu nusu. Wanaongea, ghafla wanaomdai Michel wanaanza kuimba kwaya, halafu wanaendelea na mambo yao.

Mdau: Nikimaliza niangalie ipi?
Jibu: À nous la liberté, ya kwake na ya mwaka huohuo. Cheki kiwanda na gereza vinavyofanana.