Maua yaliyojiotea kwenye nyufa: yatunze bila kuyadekeza

Ufa wa saruji huonekana mkavu, kumbe maji ya mvua yanayotiririka sakafuni huishia humo, na jua haliufikii unyevu ulio chini. Ndiyo sababu maua ya vinka na potulaka huchanua pale wakati kitalu kilicho kando kimenyauka. Mimi siyang'oi, nayatunza hivi.

1. Yatambue kwanza. Acha mche ufikishe majani sita. Ya vinka hung'aa, hutazamana mawili mawili, na mshipa wa katikati ni mweupe. Ya potulaka ni membamba lakini yamevimba kwa maji. Ukikuta gugu karoti (gugu lenye majani kama ya karoti), ling'oe kwa glavu kabla halijachanua, maana huwasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Mche wa mti ulio kwenye ukuta ung'oe siku hiyo hiyo, mizizi yake isije ikapasua ukuta.

2. Maji kidogo. Majani ya vinka yakijikunja adhuhuri, usihangaike. Yakiwa bado yamejikunja alfajiri, hapo mwagilia. Nimeua vinka nyingi kwa huruma ya ndoo: mizizi huoza upesi kuliko inavyokauka.

3. Samadi usitie. Utapata majani tele na maua machache.

4. Vuna mbegu kwa wakati wake. Hapa ndipo wengi hukosea. Vinka hubeba vitumba vya mbegu, vyembamba, viwili viwili. Vichume vikianza kugeuka manjano, kwa sababu vikikauka hupasuka na mbegu nyeusi zikamwagika. Kitumba cha potulaka kina kifuniko. Kikibanduka chenyewe, inamisha tawi juu ya karatasi nyeupe, maana mbegu zake ni kama vumbi na upepo mdogo tu huzichukua.

5. Panda kwenye nyufa nyingine. Jaza ufa mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Mbegu za vinka hutaka giza, kwa hiyo zifukie kina cha nusu sentimita. Za potulaka hutaka mwanga. Zinyunyizie juu, uzikandamize kwa kiganja, basi. Huna mbegu? Kata kitawi cha potulaka, kichomeke mchangani, kitatoa mizizi. Vinka iliyokomaa usiihamishe, mzizi wake mkuu hukatika.

Vinka ina sumu kuanzia jani hadi mzizi, ingawa humo humo ndimo hutolewa vinkristini, dawa ya saratani. Ipande mbali na watoto na mbuzi, na unawe mikono ukishaikata.